Hela ya korosho, hela ya serikali: mkandarasi mpya anavyopata kazi Mtwara

Mtu akiniuliza kazi za ujenzi Mtwara zinapatikana wapi, namuuliza kwanza tuko mwezi gani. Sitanii. Huku kwetu hela inakuja kwa majira, na mkandarasi mdogo asiyeyajua majira hayo atakaa nusu mwaka anapiga miayo ofisini, kisha ataangukiwa na kazi nne kwa mpigo na zote zitamshinda. Hela ya korosho inaanza kuonekana Oktoba, minada ikifunguliwa. Hela ya serikali ina mwaka wake, unaanza Julai Mosi na kufungwa Juni 30. Mvua nayo inaingia Desemba na kuendelea mpaka Aprili. Ratiba hizo tatu hazipatani hata kidogo. Mkulima anashika hela ya kujenga wakati mawingu yanajikusanya, na halmashauri inakumbuka kumalizia majengo yake wakati mwaka wa fedha umebakiza wiki chache. Wewe uko katikati na cheti chako cha Daraja la Saba.

Nilisajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, hii tunayoiita CRB, kama mkandarasi wa majengo. Kwa wasiojua, madaraja ni saba, la kwanza ndilo la juu na la saba ndilo la chini. Kabla ya hapo nilikuwa msimamizi wa saiti za watu, Masasi na Mtwara mjini, kwa hiyo ujenzi wenyewe haukuwa mgeni kwangu. Kigeni kilikuwa kuitafuta kazi. Ukiwa msimamizi unaikuta tayari: bosi ameshashinda zabuni, ramani ziko mezani, vibarua wanasubiri karai. Ukiwa na kampuni yako unaamka asubuhi na cheti cha kampuni cha BRELA, TIN, leseni ya biashara, cheti cha Bodi, namba ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na hakuna hata karatasi moja kati ya hizo inayokupigia simu. Ada ya mwaka ya Bodi inakuja hata kama hukupata kazi, na usipoilipa unafutwa kwenye orodha.

Wengi tukishasajiliwa macho yote yanakwenda kwenye zabuni za serikali. Tangu 2023 manunuzi ya umma yanapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni uliochukua nafasi ya TANePS. Uzuri wake ni kwamba huna haja ya kushinda kwenye korido za halmashauri unanong'onezana na watu. Zabuni ya Tandahimba unaiona ukiwa umekaa barazani kwako Magomeni, hapa Mtwara mjini. Ubaya wake ni kwamba hata aliyeko Mwanza anaiona. Tena nyingi zinataka uzoefu wa kazi ya aina hiyohiyo uliyowahi kuimaliza, na huo ndio mkandarasi mpya hana. Hupati kazi kwa kuwa huna uzoefu, na uzoefu huna kwa kuwa hujapata kazi.

Mzunguko huo nimeona watu wakiuvunja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ubia. Sheria inaruhusu makandarasi wadogo kuungana kwa ajili ya mradi mmoja, na Bodi yenyewe inahimiza. Mimi niliungana na mwenzangu wa Lindi mwenye miaka mingi kwenye fani na mitambo kidogo, tukajenga nyumba ya watumishi ya zahanati. Fungu langu lilikuwa dogo, lakini jina la kampuni likaingia kwenye hati ya kukamilisha kazi, na hati hiyo nimeitumia mara nyingi kuliko hela niliyopata. Kuhusu dhamana zinazodaiwa kwenye zabuni, Bodi ina Mfuko wa Kusaidia Makandarasi unaowadhamini wadogo kwenye dhamana ya zabuni na ya malipo ya awali. Ajabu ni kwamba wengi wanaohangaika benki na hati za nyumba za wazazi wao hawajawahi hata kuuliza habari zake.

Njia ya pili haina mashabiki: kuzifanya kazi za watu binafsi kwa karatasi. Mkataba ulioandikwa, mchanganuo wa gharama uliosainiwa, mradi ulioandikishwa Bodi, stika, bango barabarani, na mwisho barua ya mwenye nyumba kwamba umemaliza na ameridhika. Wateja wanalichukia bango. Mama mmoja wa Shangani aliniambia, "Baba, ukishasimamisha hilo libao, ndugu zangu wote watajua nina hela." Nikamwambia ndugu zake wameshaziona tofali. Akacheka, bango likasimama. Wateja wawili waliofuata walichukua namba yangu pale pale kwenye bango, mmoja akiwa juu ya bodaboda.

Kuhusu fosi akaunti nitasema kifupi, maana makandarasi tukikutana hatuna wimbo mwingine. Taasisi inanunua vifaa yenyewe, inaweka fundi wa kumlipa ufundi tu, kamati inasimamia. Mwaka 2021 zilipokuja fedha za UVIKO-19, Sh trilioni 1.3, yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa mtindo huo. Mkandarasi aliyesajiliwa, mwenye kodi na ada za kulipa, akawa anapita barabarani anatazama fundi wa mtaani akimwaga zege. Inauma, na hoja za wenzangu kwenye vikao nazikubali. Lakini kulalamika hakuleti chakula. Nilichofanya ni kununua mashine ya kuchanganyia zege na vaibreta ya mkono, nikawa nawakodisha mafundi hao hao. Zege la lenta la darasa likichanganywa kwa koleo linachukua siku nzima na linatoka na viungio vibaya. Kwa mashine, kabla ya adhuhuri wamemaliza. Mashine imeniingiza kwenye saiti za shule ambazo kwa zabuni nisingezikanyaga. Nikafahamiana na walimu wakuu na watendaji, na nikajua mafundi gani wa kweli na gani wa maneno. Wawili kati ya mafundi hao leo wako kwangu.

Sasa nirudi kwenye korosho, maana ndipo ilipo riziki ya mkandarasi wa daraja letu.

Kosa la wageni wanaokuja kufungua kampuni huku ni kuwafuata wakulima Novemba, wakisikia redioni bei ya mnada. Novemba hela hiyo imeshapata wenyewe. Kuna muuza pikipiki, muuza runinga, ada za shule, madeni ya salfa ya kupulizia mikorosho, ngoma ya mtoto, na kuna waume ambao kila msimu wanapata wazo la kuoa tena. Ukifika wewe na ramani zako, unakuta mzee anakuhesabia masazo. Mteja wa korosho anafuatwa Julai na Agosti, wakati hana hata senti na anahangaika kupulizia mikorosho. Wakati huo ana muda wa kukusikiliza jioni, na ana hasira na nyumba yake isiyokwisha.

Mzee mmoja wa Kitangari, wilaya ya Newala, alikuwa na boma lililosimama kwenye lenta kwa misimu kadhaa, miti imeota sebuleni. Nilimkuta kwenye mkeka nje ya nyumba ndogo ya udongo anamolala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa na nani?"

Nikamtajia mwalimu mkuu. Akanionesha boma kwa kidevu. "Hilo kila mwaka linakula korosho zangu halishibi. Fundi wa kwanza alikula, wa pili akala, sasa wewe umekuja na gari."

Gari nilikuwa nimeazima, ila sikumwambia. Nilizunguka ukuta nikiugonga kwa nyundo ndogo. Kozi tatu za juu zilikuwa zinamomonyoka, ukikwangua tofali kwa ufunguo linatoka mchanga mtupu. Kwenye tofali ndipo watu wanapoibiwa. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 30 za inchi sita, ukuta una afya. Wapo wanaovuta mpaka zinazidi 40, na ukizitazama kwa macho zinafanana kabisa. Nikachukua moja iliyobaki chini, nikainua mpaka usawa wa kiuno, nikaiachia kwenye udongo. Ikavunjika vipande kama mkate mkavu. Mzee akanyamaza, halafu akamwita mkewe aje aone.

Mkataba wake tuliuandika Agosti. Kwanza, kubomoa kozi mbovu na kupiga tofali mpya, kwa hela ya mbaazi aliyokuwa akiitegemea. Pili, mnada wa kwanza ukipita na hela kuingia akaunti yake kupitia chama cha msingi, lenta na kenchi za paa. Tatu, malipo ya pili yakiingia, bati. Plasta na madirisha, msimu ujao. Kila hatua ina bei yake na ina mwisho wake; hatua ikiisha tumelipana, hatudaiani. Wakulima wanaupenda mkataba wa namna hiyo kwa sababu unafuata jinsi wanavyolipwa. Sijawahi kumwandikia mkulima mkataba wa nyumba nzima, na sitarajii kumwandikia.

Upande wa Lindi hesabu inabadilika kidogo, maana kule ufuta ndio unaotangulia. Mtu wa Nachingwea, Ruangwa au Kilwa anauza ufuta Juni na Julai, kiangazi kikiwa kimekomaa, kwa hiyo msingi na tofali vinalipwa kwa ufuta na bati kwa korosho. Kama una gari na nguvu ya kuzunguka, mteja mwenye mazao hayo mawili ndiye mteja bora kusini nzima.

Jambo jingine linalowapiga chenga wageni ni vibarua. Septemba mpaka Novemba kijana wa kubeba zege humpati kijijini, na ukimpata anakuja siku mbili anatoweka. Kwao kuna mikorosho ya kuokota, na ikishaokotwa kuna mabibo, na mabibo yanageuka pombe ya uraka, na mtu aliyekunywa uraka huwezi kumpandisha kwenye mirunda. Tofali zote nazipiga Julai na Agosti, vibarua wakiwa wengi na jua likiwa kali. Oktoba nabaki na kazi za ujuzi: waashi, maseremala wa paa. Lengo ni bati iwe juu kabla ya Krismasi. Nyumba isiyoezekwa ikiingia Januari, udongo wa ndani unatitia, mbao zinapinda, na mteja anaanza kusema fundi wa kwanza alikuwa na nafuu.

Na maji. Mtu wa Mtwara mjini akipiga hesabu ya kazi ya Newala au Tandahimba anasahau maji, kwa sababu mjini anafungua bomba. Uwanda wa Makonde uko juu na hauna mito. Maji yanasukumwa kutoka bondeni, kwenye chanzo kama Mitema, na yakikatika unanunua kwa dumu au kwa boza kwa bei atakayo muuzaji. Zege linataka maji, plasta inataka maji, tofali ikishapigwa inataka kumwagiwa kwa siku saba angalau, la sivyo ndiyo hiyo ya mzee wa Kitangari. Swali langu la kwanza nikifika kiwanja cha huko juu ni kisima kiko wapi. Nyumba nyingi za zamani za Newala zina kisima cha chini kwa chini cha kukinga maji ya bati, na wenyewe wanajua thamani yake kuliko thamani ya sebule. Kwa hiyo mteja anayeanza upya namshauri atangulize kisima na banda la bati lenye gata, hata kama nyumba itasubiri. Mvua za Desemba mpaka Aprili zinajaza kisima, na Julai tofali zinapigwa kwa maji ya bure. Ushauri huo umenipa kazi za visima ambazo makandarasi wakubwa hawana habari nazo. Kisima kimoja kizuri kisichovuja kinaleta majirani watatu.

Saruji si tatizo, kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa Msijute. Usafirishaji ndio shida. Kwa kazi za njia ya Masasi nazungumza na madereva wa malori yanayoshusha makaa ya mawe bandarini kutoka Ruvuma, maana kurudi kwao wanatafuta mzigo. Bei ni ya kuelewana, ila mzigo ufungwe turubai safi; vumbi la makaa likiingia kwenye mbao za dari mteja hatakusamehe.

Februari, Machi, Aprili ndiyo miezi inayofunga kampuni changa. Korosho imeliwa, serikali haijaanza kukimbizana na Juni, saiti zimejaa matope. Nimewaona wenzangu wakiuza mashine zao miezi hiyo na kuzinunua tena Agosti kwa bei ya juu. Miezi hiyo inabebwa na ukarabati.

Mkandarasi akisikia ukarabati anakunja uso, anaona ni kazi ya fundi wa mtaani. Mimi naona ndiyo mshahara. Mji wa Mtwara uko baharini, na chumvi haina msimu. Shangani na Ligula kuna nyumba ambazo misumari ya bati imeliwa mpaka vichwa vinang'oka kwa kidole, baraza za ghorofa ambazo nondo imevimba kwa kutu na kupasua zege, gata zilizotoboka zinazomwaga maji kwenye ukuta ule ule kila mwaka. Mvua ya Februari ikipiga, simu zinalia. Atakayepigiwa ni yule ambaye namba yake ilikuwa kwenye simu ya mwenye nyumba tangu Oktoba. Ndiyo maana kila mwaka kabla ya mvua napita kwenye nyumba nilizowahi kushika, na lodge chache, na ofisi mbili tatu za taasisi, napanda juu kutazama paa bila malipo. Nikiona msumari umeoza naupiga picha, nampa mwenye nyumba, anaionyesha familia. Kazi inakuja yenyewe. Taasisi moja ilinipa mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima baada ya kuona picha hizo. Malipo yake kila robo mwaka ni madogo, lakini yanaingia Machi, na shilingi ya Machi ina uzito wake.

Mikindani ni habari ya peke yake. Nyumba kongwe za kule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zina umri wa Boma la Mjerumani, ambalo ni la 1895. Wenye nyumba, kwa nia njema kabisa, wamezipiga plasta ya saruji ziwe za kisasa. Nenda ugonge ukuta kwa kifundo cha kidole: sehemu ya juu inatoa mlio mzito, ukishuka chini usawa wa goti mlio unakuwa mtupu. Pale plasta imeshaachana na jiwe. Ukuta wa chokaa unanyonya unyevu wa ardhini na kuutoa nje. Saruji inauziba, unyevu unapanda, chumvi inasukuma, plasta inavimba na kudondoka vipande vikubwa. Mafundi wanapiga saruji nyingine juu yake, kali zaidi, na mwaka unaofuata inaanguka na jiwe lake. Dawa ni kuikwangua yote, kuacha ukuta ukauke, na kurudisha chokaa na mchanga. Niliyajifunza haya kwa mzee mmoja mwashi wa pale pale, ambaye alikuwa amebaki bila kazi kwa kuwa kila mtu anataka saruji. Nikampa vijana wawili wajifunze kwake. Kazi za chokaa ni chache lakini hazina mshindani, na zinafanyika hata wakati wengine wamelala.

Kuna na wateja wa gesi. Wa Mtwara watanielewa. Kati ya 2012 na 2014 mji huu ulijengwa kwa ndoto. Kila mwenye kiwanja alianzisha lodge au nyumba za kupangisha wageni wa gesi. Bomba la kilomita 542 likafika Dar es Salaam, likakamilika 2015, na wageni wakapungua. Zikabaki ghorofa zisizo na madirisha na vyumba vilivyofungwa. Sasa zamu ni ya Lindi, mradi wa kuchakata gesi asilia pale Likong'o, ambao serikali na kampuni za mafuta zilisaini makubaliano ya awali Juni 2022. Kuna wakandarasi wenzangu wamesajili kampuni kwa ajili ya Likong'o tu, wamekaa wanasubiri. Mimi huwafuata wenye zile lodge za 2013. Wamechoka kusubiri, wanataka nusu jengo lianze kuingiza kitu: chini duka, juu vyumba vya wanafunzi. Ni kazi ya kumalizia, haina msingi wala zege kubwa, na hufanyika ndani mvua ikinyesha nje. Sisemi Likong'o haitakuja. Ikija nitafurahi, nami nitakuwa na kampuni hai ya kwenda nayo.

Kufanya kazi chini ya mkandarasi mkubwa nako nimekujaribu. Kwenye mradi mmoja mkubwa nilijenga vyoo, stoo na jiko la kambi. Ukubwa wa mradi unakutia moyo, ila malipo yanategemea yeye alipwe, na yeye anategemea mshauri elekezi asaini, na mshauri yuko likizo. Tangu hapo mkataba wangu wa namna hiyo una sharti moja: vifaa anatoa yeye, mimi naleta mafundi na usimamizi, na ufundi unalipwa kila wiki mbili. Wengine wanakataa. Waliokubali hatujawahi kugombana.

Kwa serikali kanuni yangu ni kazi moja kwa wakati mmoja. Halmashauri moja, sitaitaja, ilinikalisha na cheti cha malipo kilichosainiwa tangu mvua za vuli za watu wa kaskazini mpaka karibu na saba saba, na mimi nina watu wa kuwalipa kila Jumamosi. Kazi ile ingekuwa mbili, ningefunga. Kitu ninachowaambia vijana ni kwamba Juni si mwezi wa kupeleka ankara, ni mwezi wa kulipwa. Fedha isiyotumika mpaka Juni 30 inaweza kurudi Hazina, na kila mtu ofisini siku hizo anakimbia na mafaili. Ankara yako, vipimo vilivyosainiwa na picha viwe mezani kwa mhasibu kabla Mei haijaisha. Na ile sehemu ya malipo inayozuiwa mpaka kipindi cha matazamio kiishe, usiiweke kwenye hesabu zako za kula. Ichukulie haipo, siku ikiingia nunua kitu cha kampuni.

Hela ya korosho ikiwa nyingi mkononi Novemba, ni rahisi kuchukua watu wengi. Mimi nimebaki na kikosi kidogo cha kudumu: waashi, fundi paa, fundi bomba, na binti mmoja anayeshika vitabu, risiti za EFD na akaunti ya NeST, ambaye kwa kweli ndiye anayejua kampuni inaendaje. Wengine nawaita kazi ikizidi. Hawa wa kudumu ndio wanaokula ukarabati wa Machi, na kwa sababu hawajakimbilia Dar es Salaam, Julai ninapoanza tofali sihitaji kufundisha mtu upya.

Watu wananiuliza kwa nini sipandi Daraja la Sita, na kazi ninazo. Kupanda kunataka mtaji wa kuonyesha, wataalamu na vifaa zaidi, na zabuni za huko ni kubwa na kusubiri kwake ni kukubwa vilevile. Nitapanda nikiwa na lori langu mwenyewe la mchanga na kokoto. Kwa sasa nakodi la jirani, na jirani huyo kila ikifika Oktoba analigeuza kubeba korosho, mimi nabaki naongea naye kwa upole.